Viputo Ulivyoviona Kwenye Mpira

Otilia mwanangu,

Nakuandikia wakati umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na mama yako yuko chumbani kwako anafunga begi kwa mara ya tatu. Kila akilifunga anakumbuka kitu, analifungua. Mambo ya shuka, dawa, namba ya simu ya shangazi yako, na kutolala fofofo kwenye basi ukiwa na pochi mapajani, hayo yote ameshakwambia na asubuhi atakwambia tena. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka saba.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza nilijikuta nakuandikia habari za bidii ya masomo, nikaichana, maana nilijua nazunguka. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko utauvumilia. Lakini kilichonikwamisha si mwandiko. Naona aibu, mama. Naona aibu mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe, ndiyo maana nimejifungia humu na karatasi badala ya kukuita tu na kukwambia.

Wiki tatu zilizopita wewe na mama yako mlikuwa uani mnachambua maharage. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimechuchumaa, nabadilisha koki ya pipa. Mama yako akakuuliza, "Kozi zote zile, kwa nini uhandisi wa maji? Au ndiyo unamfuata baba yako?" Ukacheka kidogo. Ukasema, "Hapana, mama. Nataka nikajue nilikosea wapi siku ile kijijini."

Mama yako hakuelewa ni siku ipi, akaendelea na maharage yake. Mimi nilielewa. Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, koki mkononi, na nyinyi mkainuka mkaingia ndani bila kujua kwamba nipo.

Hukukosea, Otilia. Naliandika hapa juu ili hata ukiichana barua hii kwa hasira kabla ya kuimaliza, uwe umeshalisoma. Hukukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi, na nilijua kwamba ni mimi, na nikakuacha uamini kwamba ni wewe. Sasa unakwenda kukaa darasani miaka minne kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana mengine uliyaona na mengine nilikuficha.

Ulikuwa darasa la sita, likizo ya Septemba. Ule mradi wa kijiji cha upande wa Madaba ulikuwa mradi wangu wa kwanza kuusimamia mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kutumwa. Nilikuwa nimetoa maji kwenye chemchemi mlimani, nikayashusha kwa bomba kubwa hadi kwenye tenki la kijiji, na njiani nikachepusha bomba dogo linalopanda kimgongo cha kilima na kushuka kwenye kitongoji cha ng'ambo. Masika yale maji yalifika kila mahali. Watu walinipigia vigelegele, nami nikavipokea kama mtu aliyezaliwa navyo. Ilipofika Agosti kitongoji cha ng'ambo kikakauka. Ukifungua koki inapumua tu kama mzee mwenye pumu, kisha kimya. Kamati ya maji ikaniita. Mama yako alikuwa anamuuguza bibi yako, kwa hiyo nikaondoka na wewe.

Siku mbili nililitembea lile bomba kutoka chini hadi juu, sikuona hata tone linalovuja. Siku ya pili nikakuacha tenkini na mpira wa leveli, ule mweupe unaoona maji ndani, tunaotumia kupimia usawa wa msingi. Unajua masharti yake: hewa haitakiwi humo, kiputo kimoja tu na kipimo kinadanganya. Nikakwambia, "Toa hewa yote humo, nikirudi niukute safi." Nikapanda mlimani kwenye chanzo.

Niliporudi nilikukuta umelala kifudifudi ukutani mwa tenki. Ule mpira ulikuwa umeuunga na vipande vingine kwa ile tii yangu ndogo, kile kiungo cha njia tatu, umeutumbukiza mdomo karibu sana na uso wa maji, uwe unavuta maji na hewa kidogo kidogo. Nikaja juu. Nikasema, "Nimekwambia utoe hewa, wewe unaingiza?"

Hukuogopa. Wakati ule ulikuwa hunijui bado. Ukasema, "Baba, subiri kidogo. Angalia."

Nikaangalia, na nilichokiona nakikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Pale maji yalipokuwa yanapanda kutoka tenkini, viputo vidogo vilikuwa vimejibanza kwenye ukuta wa mpira, vinakwenda pole pole, na vile vikubwa vinapita katikati vikiyumbayumba. Maji yalipovuka ukingo wa tenki na kuanza kushuka, vile vidogo vikauacha ukuta vikarudi katikati. Ukaniambia, "Unaona, baba? Hayachukuliwi tu na maji. Yanahama." Wakati ule ulikuwa unaviita mapovu. Ukanionyesha kwenye tii. Maji mengi yalikuwa yananyooka, lakini viputo, karibu vyote, vilikuwa vinakata kona na kuingia kwenye mpira wa pembeni. Na huo mpira wa pembeni ulikuwa umeupitisha juu ya jiwe. Viputo vikafika pale juu ya jiwe, vikaungana, vikawa kiputo kimoja kikubwa kilichokaa pale bila kusogea. Maji ya pembeni yakakatika. Mdomo wa mpira ukapumua mara mbili, ukanyamaza.

"Kama kule ng'ambo, baba," ukasema.

Nataka ujue kwamba nilielewa pale pale. Sikuhitaji maelezo ya pili. Nilipokuwa nafunga ile tii ya kitongoji, pembeni kulikuwa na mwamba, nilikuwa nimechoka kuchimba, nikageuza mdomo wa tawi ukatazama juu. Nilikuwa kama mtu aliyeiwekea hewa mlango. Kwenye kimgongo sikuacha mahali pa kutolea hewa, nikijiambia ni kimgongo kidogo tu. Na kule kwenye chanzo, mdomo wa bomba niliuweka juu mno. Masika maji yanaufunika, kiangazi yanapungua na unaanza kuvuta hewa. Makosa matatu, yote ya mkono wangu, na mtoto wa darasa la sita alikuwa ameniwekea yote mbele yangu juu ya ukuta wa tenki.

Nikakwambia, "Acha kuchezea vifaa vya kazi. Kunja mpira, mkutano unaanza."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la kwanza, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Nilipoingia nilikuta wameshapata mtu wao. Alikuwa Mama Editha, yule mjane ambaye bomba la ng'ambo linapita juu ya bonde lake. Bondeni alikuwa na kinyungu, kile kibustani cha mahali penye unyevu, na Septemba ile mboga zake zilikuwa kijani kibichi wakati milima yote imekuwa rangi ya udongo. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Masika hana haja ya kumwagilia na maji yanafika. Kiangazi anaanza bustani na maji yanakatika. Basi ametoboa bomba.

Mama Editha alisimama akasema, "Bonde lile lina maji yake tangu enzi za mama mkwe wangu. Nendeni mkapige jembe mara moja, mtayaona." Hakuna aliyeinuka kwenda kupiga jembe. Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye mtaalamu. Bomba lako lina shida?"

Kauli yake ilikuwa "bomba lako", na lile neno lilinichoma. Nilikuwa nimevaa shati la kupiga pasi, watu kama sitini wananitazama, na baadhi yao ndio walionipigia vigelegele. Nikasema, "Bomba halina shida. Maji yakipungua njiani, kuna mtu anayachukua."

Hapo ndipo uliposimama. Ulianza vizuri, kama tulivyokulea, ukasema, "Shikamooni." Kisha ukasema, "Baba, na ile hewa je? Tuliona kwenye mpira..."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Fundi, umeshapata bosi!" Otilia, kile kicheko hakikuwa kibaya. Nimekirudia kichwani mara nyingi, na kilikuwa kicheko cha watu waliochoka wanaomfurahia mtoto. Ningecheka nao tu, nikasema ngojeni kesho nikaangalie, yote yangeisha. Lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nikakwambia, "Simama vizuri. Waambie wazee umekosea, uombe samahani kwa kuingilia mkutano."

Ukanitazama. Ulikuwa unasubiri nikukonyeze, nadhani, kama tulivyozoea. Sikukukonyeza. Ukasema chini chini, "Nimekosea. Samahanini."

Nikasema, "Kwa sauti."

Ukarudia kwa sauti.

Katika mambo yote ya siku ile, hayo maneno mawili niliyokwambia ndiyo yanayoniamsha. Uongo wa kwanza naweza kusema nilibanwa. Lakini "kwa sauti" hakuna aliyenibana. Ulikuwa umeshatii. Niliongeza kwa sababu nilitaka nawe uonekane mdogo kama nilivyojiona mimi.

Walimhukumu Mama Editha kuchota wa mwisho. Unaujua utaratibu wa pale bombani: ndoo zinapangwa foleni kwa zamu ya aliyewahi, na hata mgeni haruki foleni. Yeye waliamua ndoo yake ikae nyuma ya zote, hata akiwahi alfajiri, na akija mtu nyuma yake anampisha. Watoto wakampa jina, Mama Toboa. Wewe ulilisikia jina hilo tukiwa bado kijijini, na njia nzima ya kurudi Songea hukunisemesha.

Haya ndiyo usiyoyajua. Siku kumi baadaye niliwaaga kwamba nakwenda Lusewa kwenye kazi. Sikwenda Lusewa. Nilirudi kule peke yangu na sururu na koleo. Nikavunja ule mwamba, nikageuza tii mdomo ukatazama chini. Nikashusha mdomo wa bomba kule kwenye chanzo. Kwenye kimgongo nikasimamisha kibomba chenye koki ya kutolea hewa. Nilipoifungua hewa ilitoka kwa mluzi, ikatoka, ikatoka, muda wa mtu kuvuta sigara nzima, kisha ikaanza kutema maji. Nilisikia watoto kule ng'ambo wanashangilia. Nilikaa chini kwenye kile kifusi nikasema peke yangu, "Yule mtoto alikuwa sahihi." Nilisema kwa sauti, mwanangu, lakini kulikuwa na mbuzi tu.

Mwenyekiti akapanda kuja kunitafuta. Akaniuliza, "Umelikuta?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema hapana, sikukuta tundu, lilikuwa kosa langu la tii. Nikasema, "Nimelikuta. La ukubwa wa kidole. Nimeziba."

Hakuna aliyeniomba ukubwa wake. Kidole nilikiongeza mwenyewe, ili liwe tundu kweli. Kwa hilo nilimfungia Mama Editha hukumu ambayo mpaka siku ile ilikuwa dhana tu. Wakanipa kuku wa shukrani, nikarudi naye nyumbani nikisema nilipitia kijijini kuziba tundu. Ulimnyonyoa wewe, ukiwa umekaa kwenye kigoda mlango wa jikoni, ukaniuliza bila kuinua macho, "Baba, kwani lile tundu lilikuwepo kweli?" Nikasema, "Lilikuwepo." Ukasema, "Sawa, baba." Tukamla yule kuku, nami nikasifia supu.

Tangu siku hiyo hujawahi kuniambia "Baba, angalia." Sikuona mara moja. Nilidhani umekua, umekuwa mtulivu, nikawa nakusifia kwa wageni kwamba binti yangu hana maneno mengi. Ulipokuwa kidato cha pili tenki letu la juu lilipasuka kwa nyuma, ukaliona wewe wa kwanza. Ulimwambia mama yako, mama yako ndiye akaniambia. Tulikuwa tumekaa sebule moja, mimi na wewe. Siku hiyo nilielewa nilichokifanya, na bado nikajitia hamnazo, nikabeba ngazi.

Nimewahi kukusimulia nilivyojifunza kazi kule Mbesa, lakini sijakusimulia hili. Fundi aliyenifundisha alikuwa Myao, Fundi Swalehe, mtu wa sala tano. Alikuwa hodari hasa, na alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akikosea kipimo aliweka vifaa chini, akasema mbele yetu wote na mbele ya mwenye nyumba, "Astaghfirullah, hapa nimeharibu mimi." Kisha anakunywa maji, anaanza upya. Mimi kijana nilikuwa naona anajishusha. Niliapa kwamba nikiwa fundi mkuu, mteja hatanisikia nikisema hivyo. Katika viapo vyote nilivyowahi kuapa maishani, hicho ndicho nilichokitimiza kikamilifu.

Jumanne nilikwenda kwa Mama Editha. Baada ya yale maneno yako ya kwenye maharage sikuwa nalala. Nilimkuta anapukuchua mahindi kibarazani. Amezeeka kuliko hiyo miaka saba ingemzeesha. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, Fundi. Leo umepotea njia?" Akanisogezea kigoda. Nilimweleza yote, tii, kimgongo, chanzo, tundu la uongo. Alikuwa ananisikiliza na mahindi yanaendelea kudondoka kwenye ungo, hakusimamisha mkono.

Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa najua."

Nikamuuliza alijuaje mambo ya hewa.

"Hewa siijui mimi. Najua sikutoboa. Sasa mtu hajatoboa, halafu anakuja fundi anasema tundu ameliziba. Si ninajua huyo fundi ni muongo? Miaka saba nakujua. Ukipita hapa unanipungia mkono, nami nakupungia, nakujua."

Nilitazama chini bondeni. Kile kinyungu kimekuwa magugu matupu. Aliniambia alikiacha mwaka ule ule, kwa sababu kila jani bichi la kiangazi lilikuwa linamrudishia kesi. Wanawe wamekulia mboga za kukausha juu ya bonde lenye maji. Na bombani, mwanangu, bado anachota wa mwisho. Hakuna aliyemwambia aendelee, wala hakuna aliyemwambia aache. Anasubiri foleni yote iishe ndipo ateremke na ndoo yake. Wanakijiji wengi hata hawakumbuki ilianzaje.

Nikamwambia nitakwenda kwa mwenyekiti, aitishe mkutano, nitasema mbele ya watu. Akaitikia kwa kichwa, kwamba sawa. Kisha akauliza, "Yule mtoto yuko wapi?"

"Anakwenda chuo. Jumapili."

"Yule ndiye peke yake aliyesimama upande wangu siku ile. Umeshamwambia?"

Nikasema bado.

Hapo mkono wake ulisimama. "Sasa umeanza kwangu kwa nini, Fundi? Mimi ukweli nilikuwa nao siku zote. Hukuniachia jina, lakini ukweli nilibaki nao. Yule mtoto ndiye ulimnyang'anya."

Nilirudi Songea jioni ile, nikamweleza mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia chakula, akaenda kukaa jikoni peke yake. Amenisemesha jana, na alichosema ni, "Asiondoke hajui."

Kwa hiyo sasa unajua. Mengine niliyotaka kukwambia ni machache, na sina uhakika kama nina haki ya kukushauri. Siwezi kukwambia uwe jasiri huko uendako. Ulikuwa jasiri una miaka kumi na miwili, na aliyekuvunja moyo ni mimi. Siwezi kukwambia useme kweli, maana uliisema. Ninaloweza kukwambia ni la upande wangu tu, upande wa anayekosea, kwa sababu huko ndiko nina ujuzi. Utakosea na wewe. Utaweka tii vibaya mahali, watu watakuwa wanakutazama, na utakuwa umevaa nguo nzuri. Sema siku ile ile. Siku ile ile inauma kama kuchomwa mwiba. Mimi nilisubiri, na kila mwaka liliongezeka uzito, mpaka nikawa nazunguka njia nyingine nikiona Mama Editha anakuja. Na ukisikia mtu amekwambia "angalia", awe mtoto, awe mfagiaji, awe nani, chuchumaa uangalie.

Lingine ni ile siri yangu ya mwisho. Mpira ule nimerudi kuuchezea mara nyingi, pale nyuma ya banda, mkiwa kanisani. Naufanyia kama ulivyofanya wewe. Mpaka leo sijui kwa nini viputo vidogo vinakimbilia ukutani maji yakipanda, na vinarudi katikati maji yakishuka, wala kwa nini vikubwa vinafanya vingine. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na tano na sijui. Nimeona tu kwamba ndivyo ilivyo, kama ulivyosema. Ukifika huko nenda kwenye darasa hilo kama mtu aliyekwisha kuona jambo na anataka kujua sababu yake. Usiende kama mtu anayetafuta alikokosea. Hizo ni safari mbili tofauti, na nilikuwa nimekukatia tiketi ya ile mbaya.

Kesho mimi sikusindikizi stendi tu. Nimekata kiti pembeni yako hadi Madaba. Nitashuka pale, nichukue pikipiki hadi kijijini, na baada ya misa watu wanakusanyika, mwenyekiti amekubali. Sijui watanipokeaje. Inawezekana sitapata tena kazi upande ule, na fundi wa maji akishaitwa muongo jina hilo linatembea haraka kuliko yeye. Naogopa, sikufichi. Lakini sikwambii haya ili unihurumie au unisamehe ukiwa huna hata muda wa kufikiri. Unayo haki ya kukaa pembeni yangu saa zote mbili na nusu bila kunisemesha, na nitakuwa nimestahili.

Nilikuwa nimepanga nikukabidhi barua hii nikishuka, mlango wa basi ukiwa unafungwa, uisome mbele ya safari. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ni ujanja ule ule. Ningekuwa nimesema na kukimbia, na wewe ungebaki na maneno yako mdomoni hadi Dar, kama ulivyobaki nayo miaka saba.

Nimesikia geti, umerudi. Nakuletea sasa hivi. Nitakuomba ukae, nami nitakaa kwenye kiti cha mbele yako, na sitainuka hata simu ikilia.

Ukifika kwenye mstari huu, inua uso, Otilia. Niko hapa. Sema lolote ulilonalo, hata kama ni baya.

Baba yako